Sheria ya Ulaya Sebuleni kwa Khalati

Mimi ni hakimu. Nilipohamishiwa kesi za biashara katika mahakama moja ya hapa Maskati, faili la kwanza zito nililopewa lilihusu samaki. Kampuni ya Oman ilikuwa imeuza shehena kadhaa za samaki wabichi Ulaya, mnunuzi akawakataa walipofika, akidai hawakuwekwa kwenye baridi ya kutosha, na mkataba ulisema watunzwe kwa kufuata kanuni za Umoja wa Ulaya. Sheria ya Ulaya mimi niliisoma muhula mmoja chuoni, nikafaulu mtihani, nikaisahau.

Wiki hiyo dada yangu, mtoto wa khalati, yaani wa mdogo wake mama, alikuwa amekuja na watoto wake kutoka Uholanzi kumtazama mama yake huko Al Amerat, nyuma ya mlima. Alikwenda huko mdogo, akasomea huko, na sasa ni hakimu katika mji wake. Ijumaa baada ya sala nikavuka mlima kwenda kula nao, nimejipanga kumweleza kesi yote. Sikufika mbali na maelezo yangu. Dada aliweka kijiko chini.

"Usinambie kesi yako," alisema. "Hiyo ni yako wewe kuamua. Niulize tu mimi nilijifunza vipi."

Nikamuuliza. Akanieleza kuwa naye alianza na cheti cha chuo na hofu. Siku moja wakili wa abiria aliyecheleweshewa ndege alimsomea kanuni ya Ulaya ambayo hajapata kuiona. Akaahirisha kesi, akaenda kumuuliza mwenzake. Kwao, kila mahakama ina hakimu aliyepewa kazi ya kuifuatilia sheria hiyo, na wengine humwendea kwa maswali. Yako pia mafunzo mafupi pamoja na mahakimu wa nchi nyengine, lakini faida kubwa, alisema, aliipata wakati wa chakula, aliposikia kuwa hakimu wa Ureno amekwama palepale alipokwama yeye. Baadaye aliandika swali kwa mahakama ya Ulaya iliyoko Luxemburg, akiogopa kuonekana hajui kitu. Jibu lilichelewa sana na halikuwa alilolidhani, lakini mahakimu wa nchi nyingi wakalitumia.

Nikataka kujua maandishi yenyewe huyasoma vipi. Akasema huyasoma kwa kila lugha anayoijua, kwa sababu sheria hiyo imeandikwa kwa lugha nyingi na zote zina nguvu sawa. Sentensi ikimsumbua katika lugha moja, huitazama katika nyengine.

Khalati alikuwa akimenya chungwa. "Hiyo mbona kazi nyepesi," alisema. "Mimi humu ndani nnasema Kiswahili, najibiwa Kiarabu, wajukuu wanateta Kiholanzi, na vyombo vinaoshwa."

Jumapili nikarudi kwenye faili. Tafsiri ya Kiarabu ya kanuni hiyo aliyoileta wakili wa mnunuzi ilisema samaki wawe kwenye nyuzijoto sifuri kamili. Ya muuzaji ilisema baridi inayokaribia ile ya barafu inayoyeyuka. Nikatafuta maandishi ya Kiingereza, kisha nikamwomba mwenzangu aliyesoma Tunis anisomee ya Kifaransa. Yote mawili yalisema barafu inayoyeyuka. Nilifurahi kama mwanafunzi, lakini sikutegemea macho yetu tu. Niliwaita mawakili, nikawawekea maandishi yote mbele, nikaagiza tafsiri ya mtaalamu aliyeapishwa. Naye akathibitisha, na wakili wa mnunuzi akaiacha ile sifuri yake. Kilichobaki kilikuwa kuangalia vipimo vya joto vya safari, na kazi hiyo niliijua. Shehena moja iliharibikia njiani, nyengine zilikuwa salama, na hukumu yangu ikafuata hivyo.

Tangu hapo mimi na mwenzangu wa Tunis tunakutana Jumanne baada ya adhuhuri, tunasoma hukumu moja ya nje. Wenzetu wengine wameanza kuja, mmoja kutoka Sib kabisa, na huleta halwa. Jumanne iliyopita tulibishana juu ya neno moja katika mkataba wa mashine za Kijerumani mpaka kahawa ikapoa. Hatukulimaliza. Mmoja wetu ana mke aliyesoma Ujerumani, na ameahidi kumuuliza.