Bata wa Chumba cha Kufulia

Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, kiwanda cha uchapaji kilifungwa, na mfanyakazi nambari 41 akatia sahihi kwenye daftari la kutoka kwa mara ya mwisho. Alikuwa amejalidi vitabu hapo kwa miaka kumi na tisa. Msimamizi alipomuuliza kama amebakiza chochote ndani, aliomba masanduku manne ya mabaki ya karatasi, vile vipande vya ukubwa wa kiganja vinavyobaki baada ya kurasa kukatwa.

"Za kuwashia jiko?" msimamizi aliuliza.

"Za kuchorea," alijibu, akaenda kutafuta mkokoteni.

Watoto wa jengo analoishi wanamwita Bi Karatasi. Kila Jumamosi asubuhi, watoto kumi na mmoja kati yao humkuta kwenye chumba cha kufulia cha ghorofa ya chini, ambacho hakijafua kitu tangu bomba lake lilipokatwa, na huwafundisha kutengeneza katuni. Meza ya kuchorea ni kioo cha dirisha la zamani kilicholazwa juu ya beseni, na ndani ya beseni kuna tochi. Misumari miwili kwenye ubao huzishika karatasi zisihame. Simu yake hulala juu ya makopo mawili ya maziwa, kamera ikitazama chini kupitia pengo lililo katikati. Picha kumi na mbili hutoa sekunde moja ya filamu. Mtoto anayetaka kumtembeza mtu kutoka mlangoni hadi dirishani hujua siku hiyohiyo kwamba kazi si mchezo.

Yeye mwenyewe alijifunza kiwandani. Fundi wa mashine ya kukatia alikuwa na tabia ya kuchora pembeni mwa daftari mtu anayevua kofia. Ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, kofia inavuliwa na kurudi kichwani. "Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema. "Yule fundi hajui alichonipa. Nimemtafuta nimshukuru, sijampata."

Mwezi uliopita, kamati ya wapangaji ilitangaza kwamba inakitaka chumba hicho kiwe stoo ya makopo ya rangi na mabomba ya akiba. Bi Karatasi aliomba nafasi moja: watoto waioneshe kamati filamu yao, kisha kamati iamue. Akapewa Jumamosi ya tatu kuanzia siku hiyo, saa tano asubuhi. Bila chumba hicho hakuna darasa. Nyumbani kwake kuna vyumba viwili, na kimoja ni cha mama mkwe wake.

Siku mbili baadaye mama mkwe huyo alilazwa kwa homa ya mapafu. Bi Karatasi alikaa naye hospitalini majuma mawili. Ufunguo alimwachia msichana wa miaka kumi anayeitwa Kidole kwa sababu ya kunyooshea kila kitu kidole, pamoja na maagizo mafupi: bata avuke ua, picha tisini na sita, nambari kwenye kona. Akaongeza agizo analolirudia tangu siku ya kwanza, kwa kuwa masanduku manne sasa yamebaki nusu sanduku: usiombe karatasi nyingine kabla hujageuza upande wa pili.

Watoto walitii. Jumamosi zote mbili walifika wote kumi na mmoja.

Asubuhi ya Jumamosi ya tatu, mama mkwe akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani siku iliyotangulia, Bi Karatasi alifungua mlango saa mbili na nusu. Alikuta rundo la karatasi limefungwa kwa mpira. Aliona ni jembamba. Walipiga picha ishirini na nne za mwanzo na kuzicheza kwenye simu.

Bata alitazama kulia. Akatazama kushoto. Kulia, kushoto, kulia, kasi ya kupepesa macho, na ndani ya tumbo lake alionekana bata wa pili, hafifu, kama amemmeza mwenzake.

"Amesahau kitu nyumbani," mmoja alisema.

"Anakataa. Mwangalie, anakataa kuvuka!"

Wakavunjika mbavu, wote isipokuwa Kidole. Ndipo Bi Karatasi alipoichukua karatasi ya kwanza na kuigeuza. Nyuma yake kulikuwa na picha ya pili. Walikuwa wamechora upande mmoja, wakaigeuza karatasi juu ya taa, wakafuatisha mstari uliopenya. Bata wa upande wa pili alikuwa ametazama kinyume. Picha tisini na sita zilikaa kwenye karatasi arobaini na nane.

"Ulisema tusiombe nyingine," Kidole alisema kwa sauti ndogo.

"Nilisema. Na mmenisikiliza. Kosa ni langu."

"Basi zile za nyuma tuzigeuze kwenye simu. Si kuna ile ya kugeuza kama kioo?"

Ilikuwepo. Picha moja iligeuzwa, na bata akatazama mbele kama wenzake. Lakini yule wa tumboni alibaki, na hakukuwa na muda wa kuchora upya.

Saa tatu na robo mlango ulifunguliwa. Aliingia mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye duka la kutoa fotokopi, mkononi futi ya kupimia na kwapani faili la kamati.

"Shikamoo, mzee," watoto walisalimia kwa pamoja.

"Marahaba. Nimekuja kupima ukuta tu. Endeleeni."

Alipima ukuta mmoja. Alipofika kwenye makopo ya maziwa alisimama, akatazama simu, akatazama tena.

"Chini ya hiyo karatasi mmeweka nini?"

"Karatasi nyeupe," Bi Karatasi alijibu. "Ili ing'ae."

"Ndiyo inayowaumbua. Kila siku mtu ananiletea barua iliyoandikwa pande mbili, na ya nyuma inatokea mbele. Nyeupe inarudisha mwanga. Wekeni nyeusi, imeze."

Wakatazamana. Chumbani hapakuwa na kitu cheusi ila viatu. Mwenyekiti akaguna, akafungua faili lake, akatoa karatasi za kikao na kuwapa jalada. Lilikuwa jeusi tii. Kidole aliliweka kwenye ubao, akalaza karatasi ya kwanza juu yake, na bata wa tumboni akatoweka. Karatasi ilionekana ya kijivu kidogo, kama asubuhi yenye mawingu.

"Mkono usitikisike, wewe," mwenyekiti alimwambia Kidole. "Bana kona. Kona! Hamkufundishwa kubana kona?"

"Tumefundishwa, mzee, ila umetuzibia mwanga."

Alisogea. Ukuta wa pili haukupimwa.

Saa tano wanakamati watano walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, na simu ikapita mkono kwa mkono. Bata alivuka ua kwa sekunde nane, akadonoa kibanio cha nguo, akaenda zake. Baada yake zilifuata karatasi za shukrani, ambazo watoto huandika kwa kila filamu kwa ajili ya waliowaazima vitu: tochi ya mama mkwe, kioo cha fundi seremala, makopo ya jirani. Ya mwisho ilikuwa na wino mbichi: "Ahsante mzee kwa jalada."

Mweka hazina aliomba kuona tena. Mama mmoja aliuliza kama mjukuu wake wa miaka sita ni mdogo mno. Kisha wakapiga kura kwa mikono, na mwenyekiti akalazimika kuweka chini karatasi zake ili ainue wake. Ilikuwa minne kwa mmoja.

"Nawashukuru hawa," Bi Karatasi anasema, akiwaonyesha watoto. "Mimi sikuwepo, wao walikuwepo."

Chumba ni chao hadi mwisho wa mwaka. Makopo ya rangi yatakwenda kwenye banda la mlinzi. Darasa lijalo ni Jumamosi, saa mbili na nusu, na litakuwa na watoto kumi na wawili.