Omu Sita

Baba hakutaka kufia kwangu. Alinieleza hivyo mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kochi letu huku Kondele, Kisumu, na mrija wa oksijeni puani, na mume wangu akajifanya ana kitu anatafuta jikoni. Kwetu mzee halali kwa mkwe wake. Akilala ni aibu, na akifa humo ni jambo ambalo watu watalisema hadi wachoke. Lakini hospitali ilikuwa imemruhusu atoke na mashine ya oksijeni, ile inayofanya kazi kwa stima, na stima ya kuaminika ilikuwa kwangu. Mama alibaki nyumbani, karibu na Luanda Kotieno, kwa sababu naye hawezi kulala kwa mkwe. Basi wazee wangu, waliozeeka kitanda kimoja, wakawa wanaulizana hali kwa simu.

"Nyara," baba aliniita, yaani binti yangu, "si wewe ndio mwalimu wa fizikia? Enda upime hiyo stima ya nyumbani. Kama inaweza, nirudishe."

"Na kama haiwezi?"

"Utanirudisha tu."

Nilienda nimenuna. Kwa miaka mingi nimesahihisha kazi za watoto wanaozidisha mahali pa kugawanya, na kamwe sikuwahi kuogopa jibu la hesabu. Safari hii niliogopa.

Boma letu limepangwa kama maboma mengine ya kwetu. Nyumba ya baba iko juu, imetazama lango, na ya kaka yangu iko chini, karibu na lango. Nguzo ya stima iliishia kwa kaka. Kutoka kwake hadi kwa baba, kaka alivuta waya mwenyewe, mwembamba, wenye viungo alivyosokota kwa mkono na kuvifunga kwa karatasi ya nailoni. Alijivunia sana kazi hiyo.

Nilipima kwenye soketi ya baba, kukiwa hakuna kitu kinachotumia stima, nikapata volti mia mbili arobaini. Kisha nikachomeka birika la umeme la mama, kwa kuwa ndilo lilikuwa mlafi kuliko vyote nyumbani. Volti zikaporomoka hadi mia moja tisini na mbili. Mita ya kubana waya, niliyoazima shuleni, ikasema ampea nane.

Nikakaa kwenye kiti cha baba nikapiga hesabu. Volti arobaini na nane zilikuwa zimepotelea njiani. Gawanya kwa ampea nane, unapata omu sita. Huo ndio uliokuwa ukinzani wa waya wa kaka yangu, yaani kiasi alichotuwekea cha kuzuia umeme usipite. Halafu nikazidisha hizo volti zilizopotea kwa ampea zilezile nane, nikapata wati mia tatu themanini na nne, zinapasha moto waya huko uani bila faida ya mtu yeyote. Mashine ya baba inavuta ampea moja na nusu, haifikishi hata wati mia tatu hamsini. Nililia palepale kitini. Stima tuliyokuwa tunaimwaga njiani ingemtosha baba kupumua.

Hata hivyo jibu halikuwa baya. Mashine ikiwa peke yake ingepoteza volti tisa tu, ibaki na mia mbili thelathini na moja, na hizo zinatosha. Birika likiingia, mashine ingelia na kukataa kazi. Waya mnene ungemaliza shida yote, na kaka aliapa kuuleta kutoka Kisumu wiki hiyohiyo. Namjua kaka yangu. Nikamwambia mama, "Birika lisiguse soketi." Mama akaitikia.

Tukamrudisha baba, na mtungi wa oksijeni ndani ya gari hadi mlangoni. Mama alimpokea kwa maneno machache sana, akamvua viatu.

Sikuwa nimewaweka wageni kwenye hesabu. Mgonjwa akirudi nyumbani, watu huja, akina mama wa kanisa, ukoo, hata waliokosana naye, na hakuna anayeondoka kwa mama yangu bila chai. Ilikuwa msimu wa mvua. Kuni zilifuka moshi tu, na wageni wakaanza kuaga na koo kavu. Nilimwona mama akiwasindikiza bila kuwatazama usoni.

Mchana mmoja mashine ikalia. Nilikimbilia jikoni nikamkuta mama amesimama mbele ya birika, mikono imeshika kitenge.

"Hawa wametoka mbali, huko Otonglo," alisema. "Nitawapatia maji baridi?"

Nikalichomoa. Niliporudi, baba alikuwa anahema kwa shida, na bado alikuwa na la kusema.

"Wacha mama yako akaribishe watu. Hii yangu zima kidogo."

"Baba, hii haizimwi kidogo."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo hadi kikaisha.

Alikufa asubuhi, watu wakiwa ndio wanafungulia ng'ombe. Nilitazama mita niliyoiacha kwenye soketi kabla sijamtazama usoni. Mia mbili thelathini na moja. Nilitamani liwe kosa la waya, maana waya una dawa. Lakini umeme ulikuwa sawa, mashine ilikuwa sawa, na baba hakuwa anaivuta tena ile hewa.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono juu ya goti la baba. Alikuwa hajalia bado. Tulisikia lango likifunguliwa, na sauti za wanawake waliokuja kumjulia mgonjwa hali. Mama akainua uso.

"Nyara, sasa hiyo stima inaweza chemsha chai?"

Nikamwambia inaweza. Mashine ilikuwa bado inanguruma kando ya kitanda. Nikaizima, na mama aliposikia kimya kile ndipo akaanza kulia.