Duma Aliyefunzwa Kuaga

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza ndiyo iliyonitoa nyumbani. Waliokaa Ruiru miaka ile wanaijua: tamu kidogo, chachu kidogo, kama uji uliosahauliwa chunguni, ikipanda kutoka kwenye mitambo ya kando ya mto wakati wa mavuno na kuingia hadi ndani ya blanketi. Asubuhi moja, mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mbili hivi, nilitoka kwa tata, yaani shangazi yangu, aliyenilea baada ya baba kuchukuliwa na serikali kama walivyochukuliwa baba wengi. Nilikuwa na kibao cha kuandikia mkononi na kiazi kitamu mfukoni. Nilipofika njia panda nilipaswa kukata kulia kwenda shule. Sikukata. Sikuwa nimepanga kutoroka, wala sikuwa na hasira na mtu. Nilitaka tu kujua harufu ile inaanzia wapi, na nilipojua, nikataka kujua reli inayopita pale inaelekea wapi, na hivyo ndivyo nilivyojikuta natembea kuelekea Thika jua likiwa limeshapanda. Siku hizo za hali ya hatari mtu mzima hakuweza kuvuka kijito bila karatasi, lakini mtoto mwenye kibao mkononi hakuulizwa kitu. Kila askari aliyeniona alidhani shule yangu iko mbele.

Baada ya mwendo wa saa nzima hivi nilisikia kifaranga akilia nyuma ya ua wa mimea ya shamba moja la mzungu. Nilijipenyeza ili nimwokote. Hakuwa kifaranga. Alikuwa duma, amelala chini ya mti na mnyororo shingoni, akilia kwa sauti ile nyembamba ambayo hakuna anayeitarajia kutoka kwa mnyama wa aina yake. Nilisimama kama niliyepigiliwa msumari. Kijana mmoja aliyekuwa anakata nyama kwenye kigogo aliniangalia, hakusimama hata. "Ukikimbia atakukimbiza," aliniambia. "Ukisimama atakuchoka. Chagua." Nilichagua kusimama. Duma aliinuka, akaninusa magoti, akajilaza juu ya miguu yangu kama gunia la mahindi. Kijana akacheka hadi kisu kikamwanguka. Huyo alikuwa Mutiso, Mkamba wa miaka kama ishirini na miwili, mtunza wanyama wa pale, na ndiye ninayemwandikia haya ingawa sijui kama anasoma.

Mwenye nyumba alitokea na mkewe, wakatuona tumesimama vile, mimi na duma miguuni, na yule bwana akatengeneza dirisha kwa vidole vyake akanitazama kupitia hapo. Alikuwa mtengenezaji wa sinema. Sinema zake zilikuwa za kutazamwa na familia nzima, baba, mama na watoto, huko kwao ng'ambo, na zote zilisimulia jambo moja: familia ya wazungu inayoishi Afrika pamoja na wanyama wa porini kama ndugu. Yeye alikuwa baba wa sinema, mkewe mama wa sinema, na binti yao mdogo alikuwa binti. Mbuni aliiba nguo kwenye kamba, nguchiro alikaa mezani na kitambaa shingoni, na duma, aliyeitwa Sukari, alilala kwenye kochi. Tatizo lilikuwa kwamba binti yao alimwogopa Sukari na kulia kila walipowekwa pamoja. Kwa hiyo siku ile ile hadithi ikabadilishwa. Ikawa Sukari ameokolewa na mtoto wa mpishi, naye mtoto wa mpishi nikawa mimi. Tata aliposikia nitalipwa alisema shule haina miguu, haitakwenda popote. Haikwenda, ni kweli. Mimi ndiye sikurudi.

Nilipewa karatasi ya kupitia vizuizini, nikawa nafika alfajiri na kurudi kwa tata kabla ya saa ya kufungiwa ndani. Niliyoyaona pale yalinishangaza kuliko duma mwenyewe. Niligundua kwamba Sukari hakuwa mmoja. Walikuwa wawili waliofanana. Mmoja Mutiso alimwita Mzembe, yule wa kulala na kubembelezwa, na wa pili alimwita Polisi, kwa sababu alikimbiza kila kitu hata kisicho na kosa. Watazamaji wangewaona kama mnyama mmoja. Niligundua pia kwamba ile familia iliishi na wanyama kwa muda ule tu mtambo wa kamera ulipokuwa unanguruma. Ukinyamaza, nguchiro alirudishwa kwenye sanduku, mbuni kwenye boma, kochi likapigwa dawa, na wenye nyumba wakala chakula chao milango imefungwa. Upendo wangu na Sukari nao ulikuwa na siri yake: Mutiso alinitia kipande cha ini kwenye mfuko wa gauni, na mnyama alipochomeka pua kunitafuta, bwana alipiga makofi ya furaha. Kamera haioni harufu. Lakini nikisema Mzembe hakunipenda nitakuwa naongopa, kwa sababu hata siku ambazo hapakuwa na ini alikuja kulala juu ya miguu yangu, akakoroma, akaniacha na ganzi hadi mapajani.

Mutiso alinifundisha kuigiza, maana bwana alijua Kiswahili cha kuamrisha tu: kuja, toka, rudia, mara ingine. Mutiso alinifafanulia. Ukitakiwa kuhuzunika, usikunje uso kama mwenye tumbo. Tazama mbali, chagua kitu kidogo, ukitazame mpaka macho yachoke. Ukitakiwa kusema jambo, usimwangalie unayemwambia. Alinitania kutwa. Jina langu, Njoki, hakulitumia; aliniita mchezaji wa sinema, akaniuliza kama nikishakuwa tajiri nitamwajiri anichungie paka. Alikuwa na mama yake nyumbani Ukambani na wadogo zake wawili shuleni, na kitabu chake cha kazi alikitunza ndani ya bati la majani chai, kimefungwa kwa kitambaa, kwa sababu bila maandishi mazuri ndani ya kile kitabu mtu wa siku zile hakuwa mtu. Hakuweza kupata kazi shamba lingine, wala kukaa Ruiru, wala kushuka garini Thika.

Tukio la mwisho la sinema lilikuwa la kuagana. Mtoto wa mpishi anatambua kwamba Sukari si wa nyumbani, anafungua banda, anamwambia nenda, na Sukari anatembea polepole hadi anapotelea porini. Tulilipiga picha siku tatu. Kila mara nilifungua mlango, nikanyoosha mkono, na Mzembe akatoka, akapita mbele yangu bila kugeuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya kichaka ambako Mutiso alikuwa amechutama na debe lenye nyama, akiligonga kidogo kwa kidole. Halafu bwana alisema mara ingine, tukarudi mwanzo. Sijui tulirudia mara ngapi. Ninachojua ni kwamba kufikia siku ya tatu Mzembe alitoka bandani kwa hatua za mwenye safari, na mimi nilikuwa nimesahau kabisa habari za debe. Niliona tu mnyama anayejua kwenda.

Wiki hiyo hiyo fundi mmoja Singasinga, Mhindi mwenye kilemba, alileta kutoka Thika sanduku kubwa la mbao lenye matundu. Nilimuuliza Mutiso ni la nini. Alijibu bila utani kwamba Mzembe anasafirishwa ng'ambo, akaonyeshwe watu pamoja na sinema, na Polisi atafuata. Nililala kwa tata bila usingizi nikilifikiria sanduku lile. Asubuhi nilifika mapema kuliko siku zote, ukungu ukiwa bado umelalia kahawa, nikafungua waya wa banda kama nilivyoufungua mara zote zile, nikanyoosha mkono, nikasema nenda. Nilitaka iwe kweli. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta miaka mingi.

Mzembe alitoka kwa hatua zile zile. Alikwenda nyuma ya kichaka, akanusa, akazunguka, akarudi kunitazama, akalia kama kifaranga. Nilipiga makofi aondoke. Hakuondoka. Nikaokota mawe madogo nikamtupia, moja likampata ubavuni, ndipo alipoingia katikati ya safu za kahawa. Sikuwaza kwamba ni saa ya wachumaji kwenda kazini, wanawake na wanaume wengi, kila mmoja na debe lake mkononi, wengine wakiligonga njiani kwa kufukuza baridi. Nilisikia madebe yakianguka. Nilisikia watu wakisema chui, chui. Halafu nikasikia kimya. Nilipofika Mzembe alikuwa ameshauawa kwa majembe na panga, na mama mmoja alikuwa ameketi chini, anawaeleza wenzake kwamba mnyama alimwendea yeye moja kwa moja, akachungulia ndani ya debe lake kama mbwa wa nyumbani. Alilirudia jambo hilo mara nyingi. Nadhani alikuwa ameanza kuelewa kitu.

Bwana alituita wote uani. Hakupaza sauti. Alitaka kujua nani alifunga banda jana jioni, na kila mtu alijua ni Mutiso, maana kazi ilikuwa yake. Mutiso alisimama na kofia mkononi, akasema alifunga, na waya aliuzungusha mara tatu kama kawaida. "Muulize Njoki, bwana," alisema. "Nilikuwa naye. Aliniona."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimemshikia mlango wa banda wakati anafunga. Na nilijua kwamba neno langu moja litampa kitabu chake au litamnyang'anya. Lakini niliona pia kibao changu, darasa, fimbo, na mwisho wa gauni jipya, na nikaona sura ya tata. Nilitazama mbali, nikachagua jani moja la mgomba, nikalitazama mpaka macho yakachoka.

"Hakufunga," nilisema.

Mutiso aliniangalia. Alielewa pale pale, nina hakika, kwa sababu aliujua uso ule, yeye ndiye aliyenitengenezea. Angeweza kuniita mwongo. Alivaa kofia yake.

"Basi," alisema. "Mchezaji wa sinema amesema."

Katika kazi yote ile nilikuwa nimezoea kuambiwa nirudie. Siku hiyo hakuna aliyeniambia.

Bwana aliandika kwa wino mwekundu katika kitabu cha Mutiso kwamba si mwaminifu na hafai kupewa wanyama wala mali, na kabla ya saa sita alipandishwa kwenye lori la shamba, akaenda. Tulimaliza sinema na Polisi. Nilifungua banda mara nyingine, na safari hii nililia machozi yenyewe, bila ini wala jani la mgomba, na memsahib, mke wa bwana, alinikumbatia akasema nina kipawa. Walipofungasha vitu vyao waliniachia viatu. Sikurudi kwa tata kukaa. Nilikwenda Thika nikafua mashuka ya hoteli karibu na maporomoko ya Chania, nikachuma mananasi, nikaenda Nakuru, Kisumu, Mombasa, nikarudi, nikaondoka tena. Watu husema nina miguu isiyotulia kwa sababu napenda kujua mambo, nami nimewaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba kila mahali nilipokaa muda mrefu alitokea mtu mwema wa kunitania, nami nilifunga mizigo.

Shamba lile sasa ni maghorofa. Kahawa iling'olewa, barabara ni pana kiasi kwamba siwezi kuivuka kwa miguu yangu hii, na harufu iliyonitoa nyumbani siisikii tena, labda kwa sababu ya moshi au kwa sababu ya pua yangu. Vitukuu wa dada yangu kule Ngoingwa, Thika, hupiga picha paka wao kwa simu, wanamwekea chakula nyuma ya mto ili aonekane anawakimbilia kwa mapenzi, wananionyesha nicheke. Nacheka. Wao hawajamfukuzisha mtu kazi. Kipindi kile tulikuwa watoto wenye karatasi za kupitia vizuizini, na mtu mzima aliweza kufutwa kwa mstari mmoja wa wino. Leo hakuna kitabu cha kazi, na uongo wangu ule usingemfikisha mtu mbali hivyo. Hilo halinipunguzii kitu. Mimi niliusema wakati ambao ulifika mbali, na nilijua.

Juzi nilipanda gari Thika bila kumwambia mtu, nikashuka Matuu, Ukambani, mji ambao katika kuzurura kwangu kote nilikuwa nimeukwepa. Nilipata chumba katika nyumba ya wageni nyuma ya soko, kitanda, ndoo na dirisha linalotazama mbuzi. Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, aliniuliza nimekuja kwa nani. Nilitaja jina kamili la Mutiso, nikasema aliwahi kufanya kazi Ruiru na wanyama.

"Huyo yuko, shosho," alisema, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Si mbali, ng'ambo ya shule. Lakini masikio yameisha. Ukitaka kumwambia kitu itabidi useme kwa nguvu, mpaka majirani wote wasikie."

Nikamwambia sawa. Aliniuliza nitakaa siku ngapi, nikalipia mbili, ili asubuhi nisiwe na sababu ya kuondoka.