Zoezi la Kusikiliza

Olfa, binti wa Sfax, alikuwa mwaka wa pili chuoni Tunis akisomea saikolojia. Majirani walidhani anataka kutibu wendawazimu. Kumbe kiu yake ilikuwa moja: baba yake, Mzee Bashir, amtaje mama. Tangu marehemu azikwe, jina lake halikusikika tena nyumbani.

Likizo ilipofika alimkuta baba uani akivunja lozi.

“Baba, tumepewa zoezi. Nimsikilize mtu bila kumkatiza.”

“Nenda kwa shangazi yako. Yule hata ukitaka kumkatiza, utaweza?”

“Nakutaka wewe, baba.”

Mzee aliguna, akaanza na bei ya mafuta ya zeituni, akaja kwenye goti lake linalouma. Olfa aliyameza maswali yake, akimwomba Mungu subira. Mara mkono wa mzee ukasita juu ya lozi.

“Najiba alizipenda mbichi,” alisema taratibu. “Mama yako, mwanangu… mpaka leo nikitoka msikitini napiga hodi, kama yumo.”

Adhana ikaita. Mzee akakung'uta maganda, akasimama, kisha akageuka.

“Hilo zoezi ni la siku moja tu?”

“Ni la likizo nzima, baba,” alijibu Olfa, Mungu amsamehe.