Radio Yangu na Msalaba wa Papa Elie

Watu wakinitania kwa ajili ya radio yangu ninacheka, lakini mpaka leo ninaona haya. Nilinunua radio na bafle mbili, spika kubwa, za moto yangu, pikipiki ninayobebea abiria, maana nilikuwa ninaota kuwa motari anayesikika Goma nzima. Fundi wa umeme nilimkataa. Nikaunga waya mwenyewe kwenye ule wa taa ya freni, kwa kuwa ulikuwa karibu. Nikakaa juu ya moto nyumbani, mguu kwenye freni, nikawasha: rumba safi kabisa! Barabarani ikanyamaza. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, kimya. Nikasema imekufa, nikaiacha hivyo imewashwa, nikarudi polepole kwenye njia tambarare.

Kesho yake tulikuwa tunamzika jirani yetu, Papa Elie. Mama Elie, mjane wake, alinichagua nimbebe yeye na msalaba, tutangulie mbele ya motari wote.

"Wewe hauna fujo, mutoto yangu," aliniambia, na mimi nikavimba kichwa.

Tulienda polepole, watu wakivua kofia. Kwenye mteremko wa makaburini nikakanyaga freni, rumba ikalipuka! Kumbe radio ilikuwa inapata umeme kwenye freni tu. Nikaachia, moto ikakimbia, na mikono yote miwili imeshika usukani. Nikakanyaga tena, rumba tena.

"We kichaa!" motari wakanipigia kelele nyuma. "Unacheza kwenye kilio?"

Mama Elie akaniinamia sikioni, analia.

"Mutoto yangu, simama basi, uzime hiyo kitu."

"Mama," nikasema, machozi yananitoka, "nikisimama ndiyo inaimba."