Kunde za Mwaka

Bi Siwema binti Mwinyimvua hakujua kusoma wala kuandika, lakini uchochoro mzima kule Kariakoo ulingoja neno lake ili ujue mwaka umeingia lini. Si mwaka wa kalenda ya ukutani, wala si ule unaokwenda na mwezi mwandamo. Ni ule wa wazee wa pwani, wa siku mia tatu sitini na tano, ambao siku zake tano za mwisho ni kama yatima: mtu haozi, hasafiri, wala hamwogeshi mtoto dawa. Zikipita hizo ndiyo Siku ya Mwaka. Moto wa zamani huzimwa, majivu yakamwagwa njia panda, na watoto wakaogeshwa alfajiri kwa maji ya kivumbasi ili maradhi ya mwaka uliokwisha yasiwafuate.

“Mwezi huonwa na kila mwenye macho,” alipenda kusema. “Mwaka hauonwi na mtu. Huhesabiwa.”

Alihesabu kwa kunde. Baba yake alimwachia chupa mbili na punje nyekundu mia tatu sitini na tano, zilizosuguliwa na vidole mpaka zikang'aa kama shanga. Kila alfajiri, akishaswali, alitoa punje moja katika chupa ya kulia akaitia katika ya kushoto. Alikatazwa jambo moja tu: asizihesabu zilizobaki mpaka ziwe za kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili, kwani kuuhesabu mwaka ungali mrefu ni kuukaribishia balaa. Kwa hiyo hakubeba idadi kichwani. Idadi ilikaa chupani.

Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja, hata siku aliyojifungua, hata siku aliyomzika mumewe. Vijana wa chama walimwambia hayo ni mambo ya kizamani. Imamu alimwambia hayamo katika dini. Mama zao wote walikuja uani kwake kuuliza siku, na yeye hakupata kutaja siku asiyoihesabu. Mali nyingine ya kujivunia hakuwa nayo.

Mwaka wa sabini na nne mvua ziligoma bara, na mjini chakula kikawa cha foleni. Siku duka la ushirika lilipopata unga, ulikuwa ule wa njano ambao watu waliuita wa Yanga kwa rangi ya jezi za timu hiyo, na hata wapenzi wa Simba waliula kimya. Sadalla, mwanawe, alikuwa kuli bandarini. Alitoka gizani akarudi gizani. Aliyesimama foleni ni mkewe Sitara, mtu wa Lindi, akiwa na binti yao Sabaha mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na shingo yake ilikuwa imeanza kuonekana nyembamba mno kwa kichwa chake.

Mwezi wa Rajabu ulipoandama, wanawake walisimama uani wakautazama juu ya mabati, mwembamba kama ukucha. Zamzam, jirani wa ukuta mmoja, ambaye aliuza maandazi zamani za ngano, alitania.

“Bi Siwema, huo mwaka wako uambie uje na sukari. Ukija mikono mitupu tutaurudisha ulikotoka.”

Wakacheka. Bi Siwema akawaambia wasubiri, punje bado hazijafikia hesabu ya vidole.

Siku mbili baadaye homa ikamwangusha. Alilala akiweweseka, akizungumza na baba yake. Kabla fahamu hazijampotea alimwagiza Sitara kila alfajiri ahamishe punje moja, na Sitara akaitikia.

Alipopata nafuu, kitu cha kwanza alichonyoosha mkono kukitafuta ni chupa. Akatoa punje. Ilikuwa nyepesi, nyeupe, imetobolewa na dumuzi. Akazimwaga zote mkekani, za chupa hii na za chupa ile. Hapakuwa hata moja nyekundu.

Sitara alisimama mlangoni, ufagio mkononi. Hakuulizwa, alieleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyerudia maneno hayo moyoni siku nyingi. Duka halikuwa na kitu siku tatu. Zamzam naye hakuwa na kitu. Sabaha alilia siku mbili, siku ya tatu akaacha kulia, na huko kuacha ndiko kulikomtisha. Akazichemsha kunde za chupa zote mbili, viganja viwili tu, akamnywesha mtoto mchuzi na kumpondea zilizobaki.

“Lakini nilirudisha, Mama,” akasema. “Nilipopata kunde dukani nilizijaza mpaka pale pale zilipokuwa.”

Bi Siwema alimtazama. Huyu mtoto wa watu alichukua chakula akarudisha chakula. Kwao Lindi hakupata kuona mwaka ukikaa chupani.

“Umemwambia nani?”

“Hakuna.”

“Basi usimwambie mtu.”

Aliujua uchochoro wake. Mwanamke aliyepika mwaka angebebeshwa kila msiba wa mtaa mpaka afe.

Palikuwa na njia moja. Kule Kivukoni mzee Kitwana aliwahesabia mwaka watu wa pwani kwa kuchora alama kwenye nguzo ya nyumba yake. Angeweza kumwendea akamwuliza. Lakini Kitwana na marehemu baba yake waligombana juu ya hesabu hiyo hiyo, hata baba akazikwa bila wao kusalimiana. Asubuhi moja Bi Siwema alijifunga kanga akaenda, homa haijamwisha vizuri. Alipofika Mnazi Mmoja akaisikia sauti ya Kitwana kana kwamba yuko mbele yake: kunde zako ziko wapi, binti Mwinyimvua? Akasimama. Akarudi nyumbani. Siku zote baadaye alijiuliza kama aligeuka kwa ajili ya Sitara, au kwa ajili yake mwenyewe.

Mwezi ulipokaribia kujaa, wanawake walikuja kuuliza. Bi Siwema alikisia jinsi chupa ilivyokuwa kabla ya homa, akatoa siku za ugonjwa, akasema, “Keshokutwa.”

Kulikuwa na kipupwe alfajiri ile. Majivu yalimwagwa njia panda, na watoto wakapangwa uani, meno yakigongana. Sabaha alimwagiwa maji ya kwanza kwa sababu ni mjukuu wa mwenye mwaka.

Siku ya tatu Zamzam alirudi kutoka Feri na kapu la dagaa. Akasema mbele ya watu wote, bila ubaya wowote, kwamba kule Kivukoni ndiyo kwanza wanaoga leo. Watu wakahesabu kwa vidole. Kama Kitwana ndiye mkweli, basi watoto wa Kariakoo walikuwa wameogeshwa ndani ya zile siku tano.

Jioni ile ile Sabaha akashikwa na homa. Ilikuwa surua, vipele vilitoka usoni, macho yakavimba yakafumba. Hospitali ililaza watoto watatu kitanda kimoja. Siku ya saba alikufa, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa kwenye ushungi wa bibi yake.

“Ni zile kunde,” Sitara alinong'ona usiku wa kwanza wa matanga. “Mimi ndiye niliyemlisha.”

Bi Siwema alimwambia surua imeua mpaka watoto wa Upanga, ambao hawakula kunde za mtu. Sitara hakusikia. Alikuwa akitazama jiko.

Siku ya hitima, wanawake wakiwa mkekani, Zamzam ndiye aliyeuliza. Safari hii hakutania. Mwanawe naye alikuwa amelala ndani na vipele.

“Bi Siwema, tuambie. Ile siku uliihesabu?”

Sitara aliinua uso. Midomo ilikwisha kufunguka.

“Nilikosea mimi,” Bi Siwema akasema upesi. “Homa ilinichanganya. Nilijua hesabu imenipotea, nikaona haya kumwendea Kitwana. Nikabahatisha.”

Mmoja akajifunika kanga vizuri akainuka, na wengine wakamfuata, hata kahawa hawakuigusa. Sadalla alikuwa barazani na alisikia yote. Aliingia akasimama juu ya mama yake, mikono ya kikuli ikining'inia.

“Mama, ungesema tu umesahau.”

Bi Siwema akaanza kukusanya vikombe vya kahawa. Sitara alikuwa ameinama, kanga mdomoni, na hakusema neno. Hakulisema siku ile wala siku nyingine. Mtoto wa Zamzam alipona, lakini Zamzam hakuvuka tena ukuta.

Mwaka uliofuata uchochoro ulituma mtu Kivukoni kuuliza siku. Wiki hiyo mafuta ya taa yaliletwa dukani, na kila nyumba iliambiwa ije na chombo chake. Sitara alizunguka chumbani asikione. Mwishowe akasimama mbele ya zile chupa mbili akingoja.

“Chukua,” Bi Siwema akasema. “Lakini zioshe kwanza.”