Mawe Meupe ya Barabara ya Stesheni

Jamani, leo nimemcheka bibi wa watu, na sasa hata ugali haushuki.

Mnaijua barabara ya stesheni ilivyo. Baiskeli, magari ya punda, watu na mizigo yao, wote wanagombania katikati. Juzi mpagazi kavunjwa mguu. Ndipo Mdachi, mkubwa wa stesheni, akaamuru waendao kwa miguu watengewe upande wao kwa mstari wa mawe meupe.

Kuyapaka chokaa ni kazi yangu.

Asubuhi kashuka bibi mmoja kutoka milimani, kikapu cha maharage kichwani. Anatembea katikati, punda wanampumulia shingoni.

"Shikamoo bibi! Pita huku ndani ya mawe, utagongwa."

"Marahaba. Nikanyage watu?"

Tukacheka wafanyakazi wote. (Ndiyo, na mimi.)

"Bibi, hii ni njia, si makaburi."

Akatua kikapu. Akachuchumaa, akafuta chokaa ya jiwe moja kwa ncha ya kaniki yake. Likatokea pengo pembeni mwa jiwe.

"Hili nililibeba mwenyewe kutoka mtoni. Nikaliweka kichwani mwa kaburi la kaka yangu."

Nikamgeukia mnyapara wetu. Mawe tumeyatoa wapi?

Akatazama chini. "Niliambiwa nichukue ya karibu, yale ya chini ya mlima."

Bibi akaliweka jiwe juu ya maharage, akajitwika, akarudi katikati ya punda. 

Mnyapara anataka kesho nizibe nafasi ile kwa jiwe jingine.

Kama mna mtu wenu amelala kule chini ya mlima, njooni mlitafute jiwe lake kabla sijalipaka.